Moto Juu, Moto Chini: Historia ya Kuoka Bila Oveni

Kuna imani imeota mizizi mijini kwetu kwamba kuoka ni shughuli ya watu wenye oveni. Ukisema unaoka, anayekusikiliza anaona jiko la umeme lenye mlango wa kioo, mizani ya kupimia unga na keki ya harusi yenye ghorofa tatu. Na kwa kuwa oveni ilikuja na Wazungu, hitimisho linakuwa jepesi: kuoka nako kulikuja nao. Kabla ya hapo, eti, tulikuwa tunachemsha na kuchoma tu.

Nimekaa na jambo hili msimu mzima wa kaskazi. Kuanzia Desemba hadi Machi Dar es Salaam inafukuta, joto la mchana linapita nyuzi 30 na unyevu wa bahari unalizidisha, na mtu mwenye akili zake hukaa mbali na moto. Mimi kila Jumamosi nilikuwa uani na jiko la mkaa, sufuria mbili na bakuli la unga, nikijaribu mikate na vyakula vyepesi nilivyovila tangu utoto bila kuuliza vimetoka wapi. Siku za katikati ya wiki nilisoma. Na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba historia ya kuoka kwetu imepotea kwa sababu moja kubwa: ilikuwa mikononi mwa wanawake, uani, juu ya makaa, na hakuna aliyeona kuwa ni elimu.

Tuanze na maneno, maana jiko la Mswahili limeandikwa ndani ya lugha yake. Kuoka ni neno la Kibantu, halikuazimwa popote. Mkate nao ni wa zamani kuliko ngano kwetu: zamani lilitumika kwa kitu chochote kilichokandwa kikafanywa bonge, ndiyo maana kamusi za zamani zina hata mkate wa tumbaku. Andazi linatokana na kuandaa, yaani kitu kilichotengenezwa kwa mikono na kupangwa. Halafu wanaanza kuingia wageni. Hamira ni Kiarabu, na kutoka mzizi huohuo watu wa Mombasa wamepata mahamri. Tanuri na sufuria pia tumevipata kwa Waarabu. Chapati imetoka Bara Hindi. Keki na oveni, vyote vya Kiingereza, vimefika mwisho kabisa, wakati watu wameshakula.

Katikati ya orodha hiyo kuna neno ninalolipenda zaidi: mofa. Mkate wa mofa ni mkate mdogo wa mviringo wa unga wa mtama, unaookwa ndani ya tanuri la udongo. Wasomali wana mkate wao wa tanuri la udongo wanaouita muufo. Ukivuka bahari hadi Yemen, neno hilohilo ni jina la tanuri lenyewe. Neno moja limefuata njia ya majahazi, na kila bandari ikatia unga wake. Kwa hiyo mtu akikwambia tanuri lilikuja na Mzungu, mwambie aulize Lamu.

Tukitoka kwenye maneno tunakuta nafaka. Mwanaakiolojia Sarah Walshaw alichunguza mbegu zilizoungua zilizofukuliwa Pemba, katika vijiji vya kale vya Tumbe na Chwaka. Alichokikuta ni kwamba wakazi wa awali walitegemea zaidi uwele, na kuanzia karibu karne ya 11 mchele ukaanza kutawala. Mabadiliko hayo yalikwenda pamoja na kukua kwa miji na kuenea kwa Uislamu. Mchele ni zao gumu kwa ardhi ya pale kuliko uwele, kwa hiyo watu hawakuufuata kwa sababu ya njaa. Waliuchagua kwa sababu ya heshima, sherehe na mgeni. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331, Mogadishu alipakuliwa wali uliopikwa kwa samli, pamoja na ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za ndimu, tangawizi na embe. Alipofika Mombasa aliandika kwamba kisiwa hakina nafaka yake, inaletwa kutoka pwani ya bara, na watu wanakula zaidi ndizi na samaki.

Hapo ndipo ninapouweka mkate wa kumimina. Huu ni mkate wa mchele na nazi, wala hauna ngano hata punje. Unaloweka mchele usiku, asubuhi unausaga na tui zito, unatia sukari, iliki na hamira, unauacha uumuke, kisha unaumimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta. Jina lenyewe linakwambia kazi: haukandwi, unamiminwa. Na kuna sababu ya kisayansi. Ngano ina gluteni, ile nguvu inayovutika kama mpira ukikanda unga, na ndiyo inayoshikilia hewa ya hamira. Mchele hauna gluteni. Mapovu ya hamira kwenye uji wa mchele yanakaa kwa muda mfupi tu, na usipouwahi kwa moto yanapasuka na mkate unalala. Kwa hiyo uji unatakiwa ushike chini na juu kwa haraka, kabla hewa haijatoroka.

Basi hapa ndipo tunafika kwenye kupalia. Ukishaona mkate umeanza kushika chini, unapunguza makaa ya chini, unafunika sufuria kwa sinia au mfuniko bapa, na unapakia makaa yenye moto juu yake. Moto juu, moto chini. Watu wa pwani hupalia hata wali, ule wa nazi, ili ukauke vizuri na punje ziachane. Makaa ya juu yanageuza sufuria ya kawaida kuwa oveni, na mpishi anadhibiti joto kwa kuongeza au kuondoa kaa mojamoja.

Wala hii si mbinu ya maskini waliokosa kitu bora. Wapishi wa Bara Hindi wanaziba chungu cha biriani na kuweka makaa juu ya mfuniko. Wazungu waliohamia Marekani walibeba masufuria mazito ya chuma yenye mifuniko yenye ukingo, makusudi makaa yasidondoke. Ulaya kwenyewe, kwa karne nyingi, kaya ya kawaida haikuwa na tanuri lake. Ufaransa ya zamani mwanakijiji alipeleka donge lake kwenye tanuri la bwana wa eneo na kulipia. Jiko la gesi la nyumbani lenye kitufe cha kudhibiti joto la oveni lilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1923. Yaani ule mlango wa kioo tunaouona kuwa ndio kuoka kwenyewe una umri wa karne moja na ushee tu, hata huko ulikotoka.

Nilipokuwa napambana na mkate wangu wa tatu nilikwenda kwa bibi mmoja mtaani kwetu, Magomeni, ambaye ameuza mikate ya kumimina na vitumbua kwa miaka mingi. Nikamwamkia, nikamwambia shida yangu: mkate unaumuka vizuri, halafu una ladha ya uchachu.

"Unaweka hamira kiasi gani, mwanangu?"

"Kijiko cha chai, bibi, kama walivyoandika."

"Walioandika walikuwa wanapika mwezi gani?"

Jibu lake lilinichekesha, lakini ndilo somo lote. Hamira ni kiumbe hai na hupenda joto. Julai, upepo wa kusi unapovuma na asubuhi kuna ubaridi, kijiko kimoja kinahitaji saa mbili. Februari kijiko hichohicho kinamaliza kazi kabla hujafua nguo, kisha kinaendelea kuchachua. Yeye wakati wa kaskazi anaweka nusu, anatumia tui lililopoa kabisa, na anaanza alfajiri. Hana kipimajoto. Ana kalenda ya pepo kichwani, na mkono anaouweka juu ya sufuria huku akihesabu.

Sasa jiulize elimu ya namna hii iliandikwa wapi. Wakati wa ukoloni mapishi yaliyoandikwa na kuchapishwa yalikuwa ya upande mwingine wa uzio. Mwaka 1928 chama cha wanawake wa kanisa la St Andrew's, Nairobi, kilitoa kitabu cha mapishi kwa walowezi wa Kenya. Ni kitabu kinachoeleza mengi kuhusu wakati wake: jinsi ya kupata chakula cha Kiingereza kutoka jikoni ambamo anayepika kweli ni mwanamume Mwafrika, aliyeitwa boi hata akiwa na wajukuu. Wanaume hao walijifunza mikate, pai na pudini, wengine wakawa mafundi wakubwa. Ujuzi wao uliingia vitabuni kwa jina la bibi wa nyumba. Ujuzi wa wake zao na mama zao, wa moto juu na moto chini, haukuingia hata kwa jina la mtu mwingine.

Baadaye kuoka kukawa somo. Nchini Kenya klabu za Maendeleo ya Wanawake, zilizoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 chini ya serikali ya kikoloni, zilifundisha usafi, kushona na kuoka keki. Sidharau kabisa, wanawake wengi walipata hapo kusoma, kukutana na kupata kipato. Lakini angalia mpangilio wa mawazo: keki ya ngano ni maendeleo, mkate wa kumimina ni mila. Kimoja kinafundishwa darasani, kingine unazaliwa nacho kama rangi ya macho.

Ngano yenyewe ina historia ya ardhi, na hii hatuizungumzi tunapokunywa chai na mkate. Kenya, Lord Delamere alihangaika na ngano Njoro, akapambana na kutu, ugonjwa wa ukungu unaomaliza shamba zima, na mwaka 1908 akawa mwanzilishi wa kampuni ya kusaga ya Unga Limited. Ngano ile ilikua kwenye nyanda za juu ambako Wamaasai walikuwa wakichunga. Tanzania huru nayo ilipotaka kujitegemea kwa mkate, ilitazama nyanda za Hanang. Kuanzia karibu mwaka 1970, kwa msaada wa Kanada, yakafunguliwa mashamba makubwa saba ya serikali, kila moja la takriban ekari 10,000, yenye matrekta na mashine za kuvunia. Ardhi ile ilikuwa malisho ya Wabarbaig. Walipoteza malisho bora, njia za maji, na baadhi ya makaburi ya wazee wao yakalimwa juu. Walikwenda mahakamani, na kesi zikachukua miaka. Mkate mweupe wa mjini ulikuwa na bei dukani, na bei nyingine ililipwa Basotu.

Chakula cha heshima kimewahi pia kugawanya watu waziwazi. Zanzibar ya karne ya 19 na 20 ilipanda mikarafuu na kununua mchele kutoka nje. Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Burma, nchi iliyokuwa muuzaji mkubwa wa mchele duniani, pengo likatokea. Serikali ya kikoloni ikaweka mgao, na mgao ukafuata mbari: mchele ulielekezwa kwa walioandikishwa kuwa Waarabu na Wahindi, Waafrika wakapangiwa mahindi na muhogo. Fikiria maana yake jikoni. Mwanamke ambaye mama yake na bibi yake walimimina mkate wa mchele kila Ramadhani anaambiwa na karani kwamba kwa kabila lake mchele si chakula chake. Watu walipobishana kuhusu nani ni Mshirazi na nani ni Mwafrika, walikuwa wanabishana pia kuhusu kilichomo ndani ya chungu.

Kwa wasomaji wa Bara, kumbukumbu iliyo karibu zaidi ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha mwaka 1979, bei ya mafuta ilikuwa juu, hazina haina fedha za kigeni. Sukari, unga wa ngano, mafuta ya kupikia na sabuni vikawa bidhaa adimu. Watu walipanga foleni kwenye maduka ya ushirika, na mahindi ya njano ya msaada yakapewa jina la utani, unga wa Yanga, kwa rangi ya jezi. Machi 1983, chini ya Waziri Mkuu Sokoine, ikaanza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya Nguvu Kazi, iliyowalenga watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi mjini.

Na hapohapo, katika njaa ya unga, kuoka na kukaanga kukawa uti wa mgongo wa kaya. Mshahara ulikuwa hautoshi. Mwanazuoni Aili Mari Tripp, aliyefanya utafiti Dar es Salaam mwishoni mwa muongo ule, ameonyesha jinsi kaya zilivyoishi kwa miradi midogo, na jinsi wanawake waliouza maandazi, vitumbua na vyakula vingine walivyofikia kuleta nyumbani kiasi kikubwa kuliko mshahara wa mume. Serikali iliwaita wasio na kazi. Wao walikuwa wameamka saa kumi alfajiri.

Nimejaribu baadhi ya vyakula vya dhiki vya wakati ule. Mkate wa unga wa mahindi uliochanganywa na ndizi mbivu zilizopondwa, bila sukari kabisa: ndizi inatoa utamu na unyevu, mahindi yanatoa mwili. Mkate wa muhogo mkavu na nazi: unatoka mzito, unashibisha, unafaa na chai ya rangi. Hata mkate wa ndizi wa Marekani, unaouzwa leo kwenye migahawa ya Masaki kwa bei ya samaki mzima, ulienea kwao miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, ambapo ndizi iliyoiva kupita kiasi haikuwa ya kutupwa. Dhiki inapika vizuri kila mahali, ikipata mpishi.

Haya yote yananileta kwenye jambo la leo. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Nauunga mkono. Moshi wa kuni na mkaa unaua, unaharibu mapafu na macho ya wanawake na watoto, na misitu yetu inageuka magunia barabarani. Yule bibi wa Magomeni anakohoa kila asubuhi, na najua kwa nini.

Lakini ukitazama majiko yanayogawiwa, mtungi mdogo wenye kichomeo kimoja juu yake, unaona yamebuniwa na mtu aliyedhani kupika ni kuchemsha. Moto wote uko chini. Yanafaa kwa ugali, maharage, chai. Mkate wa kumimina ukiupika juu yake unashika chini, unaungua, na juu unabaki umelowa na mweupe kama ubongo. Nimejaribu mara nne. Wengine wanaugeuza kwenye kikaango kingine, unaiva, lakini unakuwa chapati nene. Ule uso wa dhahabu wenye vitundu umepotea. Kwa anayepika nyumbani hilo ni suala la ladha. Kwa anayeuza vipande 40 kila jioni ya Ramadhani, ni mtaji. Mradi unaompa jiko jipya na kumwondolea bidhaa yake haujamsaidia. Umempa deni la gesi. Atarudi kwenye mkaa, kisha mtaalamu ataandika kwamba wanawake wa pwani wanang'ang'ania mila.

Suluhisho si gumu. Linahitaji tu mtu aulize. Majiko yenye moto wa juu ya umeme yapo, sufuria za umeme zenye kipashio kwenye mfuniko zipo, na fundi wa Gerezani anayetengeneza majiko kwa bati anaweza kubuni mfuniko wa kupalia ukimwonyesha unachotaka. Kinachokosekana ni kumkalisha mezani mtu anayejua kwa nini mkate wa mchele unahitaji moto pande mbili, na kumlipa kwa ujuzi wake kama tunavyomlipa mshauri yeyote.

Kwa sasa wapishi wameshaanza kujitafutia njia. Yule bibi amenunua mtungi. Anapika chini kwa gesi, moto mdogo kabisa, kisha anawasha vifuu vya nazi alizokuna asubuhi ileile, na viganja viwili vya makaa yake vinatosha kupalia mikate mitatu. Gunia la mkaa lililokuwa likiisha kwa wiki mbili sasa linamfikisha mwisho wa mwezi. Nilimuuliza nani alimfundisha kuchanganya hivyo. Akaniambia nishike sinia vizuri, makaa yasije yakadondoka.